Binti wa Nahodha Amenyoa

Kionjo cha tamthilia kilifika saluni kwangu asubuhi, nikiwa katikati ya kumfumua mteja rasta. Aliyekileta ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Aliingia bila hodi, simu ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba kaa la moto, akasema, "Acha hicho kichwa. Wanarudi."

Mteja akauliza nani wanarudi. Fundi akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyefika harusini watu wanaosha masufuria. "Dada," akamwambia, "kaa hapo hapo. Utaelezwa. Mwenye saluni hii hashindwi kueleza."

Hilo ni kweli, na siwezi kulikana. Nikielewa jambo napenda na mwenzangu alielewe, na mtu anayefumuliwa rasta hana pa kwenda. Basi na wewe kaa, nikueleze.

Tamthilia yetu ni ya mambo ya anga za juu, ya wakati ambao bado haujafika. Dunia imekauka. Mito imebaki mchanga, watu wanapanga foleni ya maji mpaka wanasahau walikuwa wanafuata nini kingine. Chombo kikubwa kinatumwa kwenda kwenye nyota ya mbali kutafuta maji. Anayekiongoza ni Nahodha, mtu wa maneno machache, na nyuma ameacha mke na binti mdogo. Msimu wa kwanza ulikuwa ukionyeshwa kila Ijumaa saa moja jioni, ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili. Katika safu yetu ya maduka hapa Mugumu, televisheni kubwa ni yangu. Ndiyo maana watu walikuwa wanakusanyika kwangu. Alikuja fundi, akaja mwenye bucha ya jirani, akaja wifi yangu, mke wa kaka yangu, na wateja waliofuata nywele wakabaki kwa ajili ya Nahodha.

Kitu kilichowasumbua wengi mwanzoni ni muda. Chombo kile kinakwenda kasi mno, na ukienda kasi kiasi hicho, muda wako unapungua mwendo. Nahodha anakaa humo miezi, huku duniani miaka inakatika. Mwenye bucha aligoma kabisa kuamini. Nilimwelewesha kwa maharage. Chukua maharage ya gunia moja, nilimwambia, gawanya kwenye sufuria mbili. Moja ibandike kwenye jiko lenye moto mkali, nyingine kwenye jiko ulilofunika makaa kwa majivu. Baada ya muda funua zote. Maharage ni yaleyale na saa ya ukutani ni moja, lakini huku yameiva na kule yangali magumu. Dunia ni jiko la moto. Chombo ni jiko la majivu. Alifikiri sana, halafu akasema, "Sasa hapo umesema Kiswahili."

Msimu ule uliishia pabaya. Chombo kiliingia kwenye wingu jeusi, mawasiliano yakakatika, na mara ya mwisho tulimwona mke wa Nahodha na binti wakitazama kioo kisichokuwa na kitu. Basi. Tulikaa zaidi ya miaka miwili bila neno. Ndiyo maana fundi aliingia bila hodi.

Kabla ya mchana tulikuwa tumejaa. Mwenye bucha alikuja na aproni yake, akakaa mbali na taulo zangu kwa heshima. Wifi yangu naye alikuwa mjini, ameleta mchicha sokoni kutoka kwenye bustani yake kule Manchira, nikampigia aje. Tukaiegemeza simu kwenye kioo na kuangalia kionjo. Hakifiki hata dakika mbili. Mlango wa chuma unafunguka. Mkono unashika kioo kilichopasuka. Chombo kimelala kwenye vumbi jekundu. Halafu anatokea msichana mkubwa, amevaa nguo za safari, kichwa kimenyolewa chote. Anageuka, macho yamelowa, na kionjo kinaishia hapo.

"Ni binti," fundi akasema. "Amekua. Wamemtuma na chombo cha pili kumfuata baba yake. Nilisema mimi. Si nilisema?"

"Ulisema watamtuma mke," mwenye bucha akamwambia.

"Nilisema mtu wa nyumbani kwake."

Tulirudia tena. Mwenye bucha ni mtu wa Gorong'a, amekulia kwenye mifugo, na kwao wazee wakichinja mbuzi kwa jambo zito husoma utumbo kabla nyama haijaguswa. Alikiangalia kionjo kwa namna hiyohiyo. Alisimamisha picha, akainamisha kichwa, akasogeza, akasimamisha. "Rudisha pale kwenye vumbi," anasema. "Hapo. Chombo kimelalia ubavu gani?" Fundi anamwambia, "Mzee, huu si utumbo wa mbuzi." Mwenye bucha anamjibu, "Kila kitu kina ndani yake, mura. Wewe angalia tu."

Wifi akajipenyeza mbele. Aliangalia mara ya tatu, akaweka kidole kwenye kichwa cha yule msichana.

"Huyu amefiwa," akasema.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu huku, mtu akifiwa na wa karibu, matanga yakianuliwa ananyolewa kwa wembe. Anaweza kuwa mjane, anaweza kuwa mtoto. Unamwona mtu barabarani na kichwa kitupu, unampa pole kabla ya salamu. Kaka yangu alipofariki kwa maradhi, mimi ndiye niliyemnyoa wifi, kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao. Kwa hiyo aliposema amefiwa, hakuna aliyejua pa kumpinga. Isipokuwa fundi, ambaye babu yake alitoka Tanga na bado anaamini watu wa bara tunaharakia misiba.

"Si kila anayenyoa amefiwa," akasema. "Mimi nanyoa kila mara. Umewahi kuniona nikilia?"

"Wewe huna nywele za kunyoa, fundi," wifi akamjibu. "Wewe unafuta vumbi."

Tulicheka, yeye mwenyewe akacheka zaidi. Kisha fundi akaona kitu kingine. Nyuma ya binti, kwenye kivuli cha mlango, kuna watu wawili, nao wamenyoa. "Mnaona?" akasema. "Wote wamenyoa. Ni mtindo wa safari. Kofia zile za kioo hazitaki nywele."

Mwenye bucha alitikisa kichwa taratibu. "Wote wamenyoa? Basi aliyekufa ni mkubwa wa ukoo."

Hapo wifi akanigeukia mimi. "Wifi, kazi hii ni yako. Hicho kichwa kimepitiwa na mashine au wembe?"

Nikaisogelea simu. Mashine huacha kivuli, hata uikandamize namna gani. Kichwa kile kilikuwa kinang'aa mpaka nyuma ya masikio. "Wembe," nikasema.

Wifi akafunga kitenge chake vizuri, akachukua beseni lake tupu la mchicha. "Nimeshazika mmoja," akasema. "Huyu wa kwenye televisheni mzikeni nyinyi." Akatoka. Hakuondoka kwa hasira. Alimuaga hata yule mteja wa rasta.

Lazima niseme kilichokuwa kimekaa pale katikati yetu. Kaka yangu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Nyakunguru. Alikuwa akienda miezi, akirudi anakaa Ijumaa mbili tatu, na Ijumaa hizo alikuwa anakuja saluni na mkewe. Alimpenda Nahodha kuliko sisi wote. "Huyu ni mchimbaji mwenzangu," alikuwa akisema, "ila yeye anachimba kwenda juu." Chombo kilipopotea kwenye wingu, watu walisikitika, yeye akacheka. Alisema mchimbaji mzoefu hapotei, anatokea shimo jingine. Miezi michache baadaye akaugua. Baada ya msiba, Ijumaa ilibaki siku pekee niliyomwona wifi akitania watu. Anakuja hata kama hakuna tamthilia, anakaa kwenye benchi anamchokoza fundi mpaka giza linaingia. Sasa nikaona naweza kumpoteza hata hizo Ijumaa. Ijumaa iliyofuata alipita barabarani na baiskeli yake.

"Wifi, karibu."

"Nina haraka, wifi."

Ijumaa nyingine ikawa hivyohivyo.

Tarehe ya kuanza ilitangazwa, na safu yetu yote ikachemka. Sijui watu wa miji mikubwa wanasubirije tamthilia. Sisi tulisubiri kwa makelele. Fundi alikuwa na hofu moja kubwa, sauti ya Nahodha. Yule aliyemtilia sauti msimu wa kwanza alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka, na fundi alisikia kutoka kwa mtu wa Tarime kwamba safari hii wamembadilisha.

"Wakituwekea mtu wa Kenya, ng'ambo ya Sirari, nimekwisha," alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Nahodha yuko kwenye nyota ya mbali, hewa inaisha, halafu aseme 'niko na njaa'? Nitazima."

"Televisheni si yako," nilimwambia.

"Nitafumba macho."

"Masikio je?"

"Dada, niachie hofu yangu."

Mwenye bucha alikuwa na tumaini ambalo hakuna aliyeweza kumtoa. Aliamini chombo cha pili kimebeba ng'ombe. Nilimweleza kwamba kwenye chombo hakuna nyasi, na ng'ombe mmoja anakunywa maji ya watu wengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni msikivu, halafu akasema, "Sawa. Lakini wewe umewahi kuona watu wanahama moja kwa moja wakaacha ng'ombe? Wataoana kwa mahari gani huko?" Mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya alitoa kichwa nje kusema anaogopa wataivuta hadithi, kwamba Nahodha atakuwa anaonekana mlangoni kila mwisho wa sehemu na hafunguliwi. Mwingine alitaka binti apate mchumba. Fundi akamuuliza mchumba gani atamtazama msichana aliyenyolewa kwa wembe. Mteja akamjibu kwamba wanaume wanaotazama nywele tu ndio wanaobaki na cherehani.

Mimi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nasuka huku kichwani napanga nitakavyomweleza kila mmoja, na ambaye hakuwapo msimu wa kwanza aanzie wapi. Nilifuta vumbi kwenye televisheni mara nyingi kuliko vumbi lenyewe lilivyokuwa likitua. Ila benchi lilikuwa na pengo, na kila mtu alikuwa anakaa pembeni yake kana kwamba kuna mtu.

Siku moja ya juma la mwisho maji yakakatika mjini. Si jambo geni. Nina dumu langu la akiba, na wateja wananijua, wengine wanakuja na maji yao. Akaja mama mmoja anataka kuwekwa dawa ya nywele. Dawa ile usipoiosha vizuri inaunguza ngozi, na kuiosha vizuri kunataka maji mengi. Nikamwonyesha dumu. "Mama yangu, kwa maji haya," nikamtania, "labda nikunyoe tu upumzike."

Mama akacheka. Mimi nikabaki nimesimama na dumu mkononi.

Nikagonga ukuta. Cherehani ya upande wa pili ikanyamaza.

"Fundi. Kile chombo kinatafuta nini?"

"Maji," sauti yake ikaja. "Umesahau?"

"Na mtu aliyefungiwa safarini bila maji, atazioshaje nywele?"

Nikasikia kiti chake kinasukumwa, na mara alikuwa mlangoni kwangu, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. "Hataziosha," akasema polepole. "Atazinyoa. Wote watanyoa." Akageukia bucha, akaita, "Mzee, hakuna aliyekufa. Ni shida ya maji."

Mwenye bucha alitoka, akafikiri jambo hilo akiwa ameshika kisu. "Hata mimi ningenyoa," akakubali. Kisha uso ukamwanguka kidogo. "Sasa ng'ombe watakunywa nini?"

Nilimwomba yule mama arudi kesho, nikachukua bodaboda hadi Manchira.

Wifi nilimkuta bustanini, chini ya nyumba yao, anamwagilia mchicha kwa kopo. Anachovya kwenye ndoo, anatikisa mkono kidogo ili maji yaanguke kama mvua nyepesi, anasogea. Kichwani alikuwa na kilemba. Tangu nimnyoe hajawahi kukubali nimsuke, ingawa nywele zilikwisha kuota siku nyingi.

Tulisalimiana, nikamwambia yote. Dumu, dawa, chombo, maji, wembe. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, na nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyeleta habari za mgonjwa kuamka.

"Umepanda pikipiki mpaka huku kuniambia habari za nywele," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe na fundi hamna kazi."

"Wifi, Nahodha yu hai. Karibu nina hakika."

Alimwagilia tuta moja mpaka mwisho kabla ya kunijibu. "Mimi siogopi amekufa," akasema. "Nilisema vile ili mniache. Naogopa akirudi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Atarudi vilevile alivyoondoka. Si ndivyo ulivyotufundisha? Yeye jiko la majivu. Na yule mke wake je? Amekaa kwenye moto miaka yote hiyo. Msimu mzima mlisema Nahodha, Nahodha. Huyo mama alionekana anachungulia dirishani tu, hakuna aliyemuuliza kitu. Sasa mume anafungua mlango, kijana, anamkuta bibi."

Nilitaka kuanza na maharage. Alinyanyua kopo kunizuia.

"Maharage yako nayajua. Ila hujawahi kutuambia yaliyoiva yanafanya nini wakati yanasubiri yale mengine."

Nikainama nikang'oa gugu kwenye ukingo wa tuta.

"Mwaka huu nimempita kaka yako umri," akasema. "Ulijua? Alikuwa akinitambia, mimi ni mkubwa kwako, nisikilize. Sasa mkubwa ni mimi, na kila mwaka ninazidi. Nikija kumfikia huko aliko nitakuwa kikongwe, meno hayapo. Yeye palepale." Akachovya kopo. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni, nikajua utani unakuja. "Itabidi anipe shikamoo."

"Hatakubali," nikasema. "Unamjua."

"Atakubali. Nitasimama mlangoni mpaka aseme."

"Atasema, mke gani huyu anadai shikamoo."

"Nami nitamwambia, marahaba baba, hujambo? Mama yako yuko wapi?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye ukingo wa tuta, na yeye akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, na sikuuliza ni ya kicheko au ya kitu kingine. Halafu nikachukua kopo la pili nikamsaidia matuta yaliyobaki. Sikumwambia aje Ijumaa. Nilipokuwa napanda bodaboda aliniambia nimwage maji karibu na shina safari nyingine, nimemlazia mchicha wake wote.

Ijumaa ilipofika, mwenye bucha alifunga mapema kuliko nilivyowahi kumwona akifunga. Fundi aliswali magharibi, akaja na mkeka wa wale watakaokosa kiti. Walikuja wateja, walikuja watu ambao kichwa chao sijawahi kukigusa. Mtu alishika rimoti, mwingine akamnyang'anya. Matangazo ya biashara yalikuwa yanapita na kila tangazo lilizomewa. Mimi nilikuwa nasimama na kukaa, nasimama na kukaa.

Wifi aliingia tangazo la mwisho likiwa linapita. Alinikabidhi fungu la mchicha, akamwamkia mwenye bucha, akamuuliza, "Ng'ombe wameshapanda?" Mwenye bucha akamwambia wako njiani. Watu wakajisogeza kumpisha kwenye benchi. Hakukaa pale. Alikwenda kwenye kiti cha kusukia, kile kinachotazama televisheni moja kwa moja, akakaa, akafungua kilemba na kukiweka mapajani.

"Zimefika?" akaniuliza.

Nikazipima kwa vidole. Zilikuwa zimefika, na kubaki. "Zimefika."

"Basi suka. Ila usinizibe."

Nikachukua kitana, nikagawa nywele katikati. Muziki ukaanza, ule wenyewe, na fundi akasema "kimya" kwa sauti iliyopiga kelele kuliko wote. Tulitegemea chombo. Tulitegemea mlango wa chuma na vumbi jekundu. Badala yake ikaja nyumba ndogo kwenye ardhi iliyopasuka, na ukumbini mwanamke mzee, nywele nyeupe kabisa, anasugua sahani kwa mchanga.

"Huyu bibi ni nani tena?" mwenye bucha akauliza.

"Mke wake," nikasema.

"Na Nahodha yuko wapi?"

Yule mwanamke aliweka sahani chini, akanyoosha mgongo, akatazama juu. Akafungua mdomo kusema.

"Nahodha utamwona, mzee," wifi akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Acha kwanza tumsikilize huyu." Akasogeza kichwa mbele kidogo ili asikie vizuri, na mimi nikamfuata na kitana.